Nyumba Isiyo na Dari

Kabula alinipigia simu nikiwa darasani. Kwa kawaida simu za darasani sipokei, lakini jina lake lilipotokea nilitoka nje nikawaacha wanafunzi wakitazamana. Aliongea kwa kifupi, ndivyo alivyo. Mama amepigwa kiharusi, alilazwa, sasa yuko nyumbani. Mkono na mguu wa kulia vimelala, na kauli imekwenda kabisa. Nikauliza kama anasikia. Anasikia vizuri, akasema, na akili zake zote anazo. Shida ni kwamba anataka vitu na wao hawajui anataka nini, wanabahatisha, anakasirika, anageukia ukutani. "Hatuelewani tena na mama," akasema. Nikamwambia nakuja. Nilipokata simu nilibaki nimesimama kwenye korido nikifuta machozi kwa ncha ya kitenge, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, wakati mada niliyoiacha ubaoni ilikuwa ni namna watu wasio na lugha moja wanavyofika mahali wakaelewana.

Mama Kabula hakunizaa, wala hatuna undugu. Ni mwanamke aliyenipangisha chumba Bariadi nilipokuwa na miaka ishirini na sita, akanilisha mwaka mzima, akanitania, akanisuta, akaniombea kila Jumapili kwa sauti ambayo padre mwenyewe aliisikia. Watu wakiniuliza kazi hii nilisomea wapi, nataja chuo, maana cheti kilitoka huko. Nikijiuliza mwenyewe jibu huwa ni lingine: chumba cha pili mkono wa kushoto, nyumba ya bati nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuwa nawaza hivyo njia nzima kutoka Mwanza, na tulipokata kona ya Lamadi kuacha barabara ya Musoma, nikaanza kusikia harufu ya michembe, vile viazi vikavu vya asubuhi zake, kwenye gari ambalo halikuwa na michembe yoyote. Dereva aliniona nikitabasamu peke yangu akaongeza sauti ya redio.

Mwaka ule Bariadi ilikuwa makao ya wilaya tu, mkoa wa Simiyu bado haujazaliwa. Nilikuja kufundisha hisabati kwa mkataba wa muda kwenye shule moja ya sekondari, asubuhi tu, ili mchana na jioni nifanye kazi yangu ya shahada ya pili. Profesa aliyenisimamia alikuwa amesafiri nje ya nchi kwa mwaka mzima, na bweni la chuo lilikuwa limetutoa. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa Mama Kabula, mjane wa kutoka Sola kule Maswa, aliyekuwa akipikia wafanyakazi wa kiwandani na kupangisha vyumba. Alinipokea akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anachambua kunde. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwetu wapi. Nikasema Kalemela, kando ya ziwa. Akasema ah, wala samaki. Kisha akanipa masharti ya nyumba: maji yanachotwa kwa zamu, mlango wa uani unafungwa na anayelala mwisho, na jambo la tatu alilisema akicheka. "Nyumba hii haina dari, mwanangu. Usije kunilalamikia habari za siri."

Ilikuwa kweli. Kuta za vyumba ziliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na juu yake ilikuwa mbao na bati tupu, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalipanda, yakapita juu ya ukuta, yakashuka kwenye chumba cha jirani. Wiki ya kwanza niliteseka. Kwetu nililelewa kwamba wawili wakizungumza, wa tatu anaondoka. Mtoto aliyekutwa amesimama karibu na wakubwa wanaoongea aliulizwa kama amepoteza kitu pale, na jibu lolote alilotoa halikumwokoa. Nikawa naziba masikio kwa pamba, na Bariadi, hata kabla ya msimu, pamba hutafuti, inakufuata. Jirani yangu wa ukuta alikuwa muuza vipuri vya pikipiki kutoka Moshi, ambaye hapana shaka alikuwa na jina lake, lakini nyumba nzima ilimwita Mangi na yeye akaitika. Mangi aliongea na simu kila siku na mchumba wake, nami nikawa napiga kikohozi ili ajue nipo. Siku moja aliniambia mbele ya watu, kwa upole kabisa, kwamba nikameze dawa ya kifua. Mama Kabula alicheka mpaka akashika ubavu.

Sasa niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu Mama aliniuliza siku ya pili tu, na jibu nililompa yeye ndilo nitakalowapa ninyi. Ndani ya kompyuta nilikuwa nimetengeneza watu. Si watu wa kuonekana; ni programu ndogo ndogo nyingi, kila moja inajitegemea. Kitaalamu tunawaita mawakala, lakini siku hizi wakala kila mtu anajua ni yule wa kutolea pesa kwenye simu, kwa hiyo waacheni wawe watu wangu. Walikuwa wanazaliwa hawana neno hata moja. Mmoja anakutana na mwenzake, anaona kitu, tuseme mbuzi, anabuni sauti yoyote: tabi. Mwenzake anabahatisha tabi ni kitu gani. Akipatia, wote wawili wanalishika neno hilo kwa nguvu zaidi, akikosea, linalegea. Wanaachana, kila mmoja anakwenda kukutana na mwingine. Hakuna mwalimu, hakuna kamusi, hakuna mkubwa wa kuamua. Ukiwaacha wakutane vya kutosha, unatazama kama lugha moja itazaliwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wanakula. Nikasema hawali. Akasema basi hao ni wapangaji wazuri.

Kwamba watu wachache wa namna hiyo wanaweza kuelewana, wengine walishaonyesha kabla yangu. Langu jipya lilikuwa kuwaweka kwenye vijiji. Nilitaka nione kama vijiji vingi, kila kimoja na majirani zake, vikiunganishwa na wasafiri wachache tu, vitafika kwenye lugha moja kama maisha yanavyotuonyesha. Havikufika. Kila kijiji kilipata maneno yake upesi sana, halafu kikang'ang'ana. Huku mbuzi ni tabi, kule mbuzi ni lumo. Msafiri akienda na tabi yake haeleweki, anarudi kwao amevunjika moyo, na neno la ugenini limeshamlegea njiani. Niliwaacha wakutane usiku kucha, niliwaacha wiki nzima. Nikabadilisha hesabu, nikaongeza wasafiri, nikapunguza vitu vya kutajwa. Wapi. Na Profesa alishaniandikia barua pepe isiyo na maneno mengi: akirudi mwisho wa mwaka akakuta vijiji bado vimegawanyika, nitafute mada nyingine. Mada nyingine ilimaanisha mwaka mwingine, na ufadhili wangu ulikuwa unaisha na mwaka ule ule. Nilikuwa nimebeba kila nilichokuwa nacho nikakiweka juu ya kichwa cha hao mbuzi. Jioni nikitoka kwenye mkahawa wa intaneti pale mjini nilikuwa natembea taratibu ili nisifike nyumbani na sura ile.

Mama alijua tu. Kila siku nikitoka chumbani swali lake lilikuwa moja, hata kabla ya salamu nyingine: "Wameelewana?" Nasema bado. Anasema haya, na wewe ule kwanza. Chakula chake hakikuwa cha kubembeleza mtu. Ilikuwa ugali wa mtama mweusi kama udongo wa mbuga, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa karanga mpaka yanasimama yenyewe. Siku nyingine dagaa, na hapo alikuwa akinitazama mimi mla samaki kwa jicho la kusubiri sifa. Asubuhi ilikuwa michembe na chai ya rangi, viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo meno ya Mangi hayakuvizoea mpaka anaondoka. Tulikula uani, wapangaji na mwenye nyumba sinia moja, na mara nyingi mimi nilichelewa, kwa sababu nikikaa kwenye mashine nikiitwa sisikii. Mama alichoka kuniita. Akaanza kugonga ukuta wa chumba changu kwa mwiko kutokea jikoni: mbili, kimya kidogo, moja. Hakuniambia maana yake. Mara ya kwanza nilidhani anaua mjusi. Mara ya tatu nilikuwa nanawa mikono kabla ya ule mlio wa mwisho kusikika, na tangu hapo hakuniita kwa jina tena kwa habari ya chakula.

Msimu wa pamba ulipofika, malori yalisimama mstari mpaka karibu na mlango wetu, na nyuzi nyeupe zikawa zinaelea mji mzima, zinatua kwenye chai, kwenye nyusi, kwenye misa. Zikaingia pia kwenye feni ya laptopu yangu, ikaanza kupata homa na kuzima watu wangu katikati ya mazungumzo. Mangi ndiye aliyeiokoa. Aliifungua juu ya meza yake ya vipuri na kuipuliza kwa mashine ya upepo ya kujazia matairi, mimi nimefumba macho, na kilichotoka mle kingetosha kujaza mto wa mtoto. Alikataa asante yangu, akasema nimlipe kwa kuacha kukohoa. Nikaacha. Hapo ndipo nilipoanza kuzoea nyumba, na masikio yangu nikayatoa pamba.

Umeme wakati ule ulikuwa ukikatika unavyotaka. Mangi alikuwa na fundi wake aliyekuwa akiaga, "Naenda Maswa mara moja," halafu haonekani kwa siku kadhaa, anarudi na uso mkavu kama aliyekwenda msalani. Jioni moja taa zikazimika, na Mangi kutoka chumbani kwake akasema kwa huzuni, "Amekwenda Maswa." Tulicheka nyumba nzima, kila mtu chumbani mwake. Hakuna aliyepanga chochote, lakini kuanzia siku ile kwetu umeme haukukatika tena. Ulikuwa unakwenda Maswa. Ukirudi, Mama alisema karibu nyumbani. Ukiwa unawaka kwa kufifia, tulisema amefika njia panda anafikiri. Mimi nilicheka na wenzangu, nikarudi kwenye mashine, na sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa ndani ya jibu, nikilitafuta kwenye hesabu.

Alipohama mpangaji wa chumba cha mwisho, akaja Koku, muuguzi kutoka Bukoba, mpole, mwenye aibu, zamu zake nyingi za mchana na jioni. Akitoka kazini anaoga, anafunga mlango, analala. Mama alilalamika kwamba amepangisha kivuli. Nina hakika kwamba wiki zile mbili za mwanzo Koku hakuzungumza na yeyote kati yetu zaidi ya salamu na habari ya zamu ya maji. Basi jioni moja mvua ikiwa inanyemelea, umeme ukakatika. Kabla hata Mangi hajapumua, sauti ndogo ikatoka chumba cha mwisho, ikapita juu ya kuta zote: "Jamani, amekwenda Maswa tena." Mama akaangua kicheko jikoni, akamkaribisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani gizani, laptopu inanipumulia mapajani, na nywele zilinisimama. Nani alimfundisha? Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyesema naye neno lile hata siku moja. Alilala tu kwenye nyumba isiyo na dari, maneno yetu yakamdondokea.

Nilielewa papo hapo nilichowafanyia watu wangu. Nilikuwa nimewalea kama nilivyolelewa mimi. Kila wawili walipokutana niliwafungia mlango, na kijiji kizima kilichobaki nilikipeleka nje kikacheze. Hakuna aliyetega sikio, hakuna aliyepita akachukua neno lisilo lake. Msafiri akisimama kijiji cha ugenini akizungumza na mwenyeji mmoja, majirani hawakusikia. Aliposhindwa na yule mmoja ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimewapa adabu zote za kwetu Kalemela, na kwa adabu hizo wasingeelewana mpaka kiama. Nilitoka uani kwa kukimbia, nikajikwaa kwenye ndoo, nikamwambia Mama kwamba watu wangu nimewajengea dari, kila mmoja chumba chake, ndiyo maana. Alikuwa ameshika kibatari. Hakuniuliza dari gani. Alisema tu, "Sasa si uibomoe?"

Umeme uliporudi kutoka Maswa nikaibomoa. Ilikuwa mistari michache tu ya programu: wawili wakiongea, wachache walio karibu wasikie, na wanachosikia kiwaingie kidogo, si kwa nguvu kama wanaongea wao, kidogo tu. Niliwawasha asubuhi nikaenda kufundisha, na darasani siku hiyo nilikosea mara kwa mara hesabu za kidato cha pili mpaka wakaanza kunihurumia. Niliporudi, vijiji viwili vilikuwa vimeshika tabi. Jioni vikawa vitatu. Kijiji kimoja kilishikilia lumo yake kwa ukaidi, nami nikakaa nakitazama kama mtu anayetazama mtoto wake akijifunza kutembea, nikaogopa hata kupumua. Asubuhi iliyofuata nilikuta rangi moja kwenye kioo kizima, maana kila neno lilikuwa na rangi yake, na rangi ile ilikuwa imefika mpaka kijiji cha mwisho. Nikasikia ukutani: mbili, kimya, moja. Nikaenda. Mama akauliza, "Wameelewana?" Nikaitikia kwa kichwa, nikalia kwenye chai yake. Alinishika mkono, akasema wabeja sana, akimshukuru nani sijui, mimi au Mungu au hao watu wenyewe. Mangi alitoka akiwa na mswaki mdomoni kuuliza nani amefariki. Koku naye alitoka, siku hiyo hana zamu, akala nasi michembe kwa mara ya kwanza.

Profesa alirudi, akasoma, akauliza maswali mengi magumu, na swali moja kati ya hayo lilikuwa nimepata wapi wazo la wasikilizaji wa pembeni. Nikamweleza nyumba. Alitabasamu, akasema nisiiandike hivyo, lakini nisiisahau. Yaliyofuata ni maisha yangu yote, sina haja ya kuyataja. Wanafunzi wangu sasa wana mashine zinazofanya kwa dakika kile ambacho laptopu yangu ilikifanya kwa usiku mzima na homa juu, na mawakala wao wanabuni lugha ambazo hata sisi hatuzielewi. Nawapenda, wana akili sana. Ila kila mwaka kuna mmoja anayekuja amekata tamaa kwamba watu wake hawaelewani, na mimi namuuliza kwanza kama nyumba yao ina dari. Wamezoea, wanajua bibi ana mambo yake.

Kabula alinipokea getini. Mwaka ule wangu yeye alikuwa Shinyanga kwa shangazi yake, anasoma, kwa hiyo tulifahamiana baadaye, na mengi niliyoyasimulia hapa, si yote, aliyasikia kwa mama yake. Sasa amerudi kumwangalia, na nyumba ameitengeneza vizuri: vigae chini, madirisha ya vioo, na juu, kila chumba, dari nyeupe ya jipsamu. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha Mama nikaitazama ile dari. Wamemlaza peke yake, mlango umefungwa ili apumzike, watu wanapita kwenye korido wakinyata na kunong'ona. Kimya tupu. Alikuwa amenielekezea mgongo. Nilipiga goti, nikamwamkia, akageuka polepole, upande mmoja wa uso wake ukanichekea. Mdomo ukahangaika, hakuna kitu kikatoka, macho yakajaa maji. Kabula akaanza mara moja: anataka maji? anataka mto? anataka kugeuzwa? Mama akafumba macho. Niliona jinsi wote wawili walivyochoka, na roho iliniuma kwa wote wawili.

Nikamwomba Kabula tumtoe uani. Alisita, daktari alisema atulie. Nikasema atatulia, ila asikie watu. Tukamweka kwenye kiti cha mikono, tukamfunika khanga, karibu na mlango wa jiko, mahali pale pale palipokuwa na kigoda chake. Mchana kutwa tulikaa pale, mimi na Kabula tunachambua kunde na kupiga soga juu ya Mangi, ambaye sasa ana duka Arusha na wajukuu, na Koku aliyestaafu kwao. Mama alikuwa anasikiliza, macho yanahama kwa huyu na kwa yule. Nikasimulia ile ya fundi na Maswa. Mabega yake yakatikisika. Hapo nikasema nilichokuja kukisema, kwamba kazi yangu yote niliipata kwenye nyumba yake, na kwamba nashukuru. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauchukua kwa mkono wa kushoto mwiko uliokuwa kwenye beseni kando yake, akagonga mkono wa kiti: mbili, kimya kidogo, moja. Kabula akainuka haraka, akauliza anataka nini tena, maji? Niliinuka tu, nikaenda kwenye bomba, nikanawa mikono, nikarudi kukaa mbele ya Mama kama mtu anayesubiri sinia. Mama akacheka, kicheko kibovu cha upande mmoja, lakini kicheko. Kabula alisimama katikati, anamtazama mama yake, ananitazama mimi. Hakuuliza, nami sikumweleza. Akaingia jikoni kusonga ugali.

Tuliendelea kukaa, mimi na Mama, jua likiwa linapungua nguvu. Harufu ya karanga ilianza kutoka. Ndipo nikasikia kutoka ndani ya jiko, ukutani, kwa kusitasita kidogo: mbili, kimya, moja. Nikamgeukia Mama. Alikuwa ameshanyoosha mkono wake mzima, anasubiri unawishwe.